Ambokile au Ampokile: binti mmoja, karatasi tano

Binti amemaliza kidato cha sita Mbeya mjini, kwao ni Tukuyu, na sasa anataka kuomba mkopo wa chuo. Ametandaza mezani karatasi zake tano. Cheti cha kuzaliwa, kilichoandikwa kwa mkono, kinamwita Atuganile Ambokile, kisha jina la ukoo. Cheti cha ubatizo kinasema Atuganile basi. Cha kumaliza darasa la saba kinasema Upendo Ampokile na ukoo wake. Cheti cha kidato cha nne: Upendo Ampokile, ukoo haupo. Kitambulisho cha Taifa, alichokipata alipotimiza miaka 18, kimerudi kulekule kwenye cheti cha kuzaliwa: Atuganile Ambokile na ukoo.

Kisa hiki ni cha kuungwa. Kimekusanya mahali pamoja makosa ambayo kwa kawaida hutawanyika kwenye karatasi za watu wengi, na majina yaliyomo ni ya mfano. Jina la ukoo tunaliacha. Itoshe kujua kwamba linaanza na Mwa-, kama yalivyo mengi ya Rungwe na Kyela.

Ushauri wa kwanza anaopewa kila mtu mwenye karatasi za namna hii ni "kabadilishe jina kwa wakili." Ushauri huo una haraka. Hapa kuna matatizo matatu ya aina tatu tofauti, na dawa ya moja haiponyi la pili. Ili kuyatenganisha inabidi kwanza kuyafungua majina yenyewe, kwa sababu mawili kati ya matatizo hayo yamezaliwa na sarufi ya Kinyakyusa, lugha ya kwao Tukuyu, wala si uzembe wa mtu.

Tuanze na jina la baba. Ambokile ni sentensi nzima. A- ni yeye, na hapa anayekusudiwa ni Kyala, Mungu. Kinafuata kiambishi cha "mimi", kisha shina -poka, kuokoa, na mwisho -ile inayoonyesha kwamba jambo limekwisha kutendeka. Ameniokoa. Sasa, mbona shina lina p na jina lina b? Kwa sababu kiambishi cha "mimi" ni king'ong'o, sauti ya puani, na katika Kinyakyusa king'ong'o hicho kikiigusa p huigeuza kuwa b. Weka "sisi" mahali pa "mimi" na p inarudi: Atupokile, ametuokoa. Fanya nomino ya mtendaji na p inabaki: Mpoki, mwokozi. Sheria hiyohiyo ndiyo inayotenganisha Ambakisye na Atupakisye, amenihurumia na ametuhurumia.

Na Ampokile? Nalo ni neno halali. M yake ni ya "yeye", haina nguvu ya kuigeuza p, kwa hiyo maana inakuwa amemwokoa. Herufi moja imehamisha wokovu kutoka kwa mwenye kusema kwenda kwa mtu mwingine. Aliyeandika p hakukosea kwa ubovu wa masikio. Mwalimu aliyekulia Tabora au Tanga, akisikia jina lenye "mbok" ndani yake, kichwa chake kinatafuta neno la Kiswahili lililo karibu, na lililo karibu ni pokea. Ampokee, ampokea, Ampokile. Amelinyoosha jina kuelekea lugha anayoijua. Ajabu ni kwamba kwa maana -poka iko karibu zaidi na pokonya. Kuokoa huku ni kumnyang'anya mtu kutoka mdomoni mwa hatari.

Mitego ya tahajia haiishii hapo. Kinyakyusa kina irabu saba, herufi zetu za Kiswahili ni tano, kwa hiyo irabu mbili hazina kiti: huyu ataiandika i, yule ataiandika e, huyu u, yule o. Watoto wa baba mmoja wakiandikishwa shule mbili tofauti wanaweza kutoka na ukoo wenye tahajia mbili. Ky nayo humsumbua mgeni, ndiyo maana unasikia "Mnyakusa" kila siku. Tena mwandiko wa mkono una balaa zake: Atuganile yenye n iliyofungwa vibaya husomeka Atugarile, jina ambalo Kinyakyusa hakilijui kwa kuwa r si sauti yake.

Wala si shida ya Rungwe peke yake. Ukivuka kwenda Iringa utaikuta juu ya jina kubwa kuliko yote ya mkoa ule. Wahehe humtaja mtawala wao Mkwava, ufupisho wa Mkwavinyika. Wajerumani, waliopigwa naye Lugalo mwezi Agosti 1891, walimwandika Quawa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ulipoidai Ujerumani irudishe fuvu lake, ulimwandika Mkwawa, na kwa w hiyo ndivyo lilivyoingia kwenye vitabu vya shule na kwenye jina la chuo kikuu cha elimu kilichopo Iringa. Fuvu lilirudi 1954, lipo Kalenga. V haikurudi. Na tazama jinsi jina la mtu mmoja lilivyogeuka kuwa ukoo: mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge la Tanganyika, ana jina lake, la baba yake Sapi, kisha la babu. Hizo ndizo nafasi tatu za fomu zetu mpaka leo.

Nafasi hizo tatu zinastahili maelezo, maana ndipo tatizo la pili lilipo. Fomu ikiuliza "jina la kati", kwetu haiulizi jina la pili la mtoto. Inauliza jina la baba. La tatu ni la babu au la ukoo. Kwa Mnyakyusa la tatu ni lile la Mwa-, yaani wa nyumba ya fulani, na baada ya Mwa- linakuja jina la mzee ambaye nyumba ilianzia kwake. Mwa- hizo zipo pia kwa Wandali, Wasafwa na Wanyiha, zipo ng'ambo ya mto Songwe upande wa Karonga, Malawi, na kwa sadfa ya lugha tu zipo tena mbali kabisa, kwa Wadigo na Wataita wa Kenya. Kwa hiyo usimkimbilie kila Mwa- kwa "ugonile", salamu ya Kinyakyusa; huenda ni mtu wa Kwale.

Binti wetu alipoteza ukoo kwenye usajili wa mtihani. Aliyejaza orodha aliona majina mawili, akadhani yametosha. Kwa familia ya Mwa- hasara yake ni ya wastani. Kwa Wakinga wa Makete ingekuwa kinyume: huko Sanga ni wengi mno, ukoo peke yake haumtenganishi mtu na jirani yake, na jina la baba ndilo linalobeba kazi yote. Kila kabila la nyanda hizi lina nafasi yake ambayo haivumilii kuachwa wazi.

Tatizo la tatu ndilo zito. Atuganile imekuwaje Upendo?

Fikiria siku ya kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu ameshika kalamu.

"Jina la mtoto, mama?"

"Atuganile."

"Maana yake nini?"

"Ametupenda, mwalimu."

"Aa, Upendo."

Limeandikwa. Mama hapingi, kwa sababu kwake ni jina lilelile limevaa nguo ya shule. Na si kila mara mwalimu ndiye anayetafsiri. Wazazi wengi hufanya wenyewe, nyumbani jina la lugha, shuleni la Kiswahili, kanisani pengine la Biblia. Jozi zenyewe zinajulikana mitaa yote ya Mbeya: Lugano na Upendo, Lusajo na Baraka, Lusekelo na Furaha, Ipyana na Neema, Lwitiko na Imani, Bupe na Zawadi. Jozi moja ni ya kuchekesha kidogo kwa makala inayosimulia kisa: Kisa, kwa Kinyakyusa, ni huruma. Mtoto anayeitwa Kisa akihamia Dar es Salaam huulizwa hadithi yake ni ipi, na wapo wanaoandika Kissa kwa s mbili ili kujiepusha na swali hilo.

Hata hivyo tafsiri ya Upendo ni ya kulipua. Upendo ni nomino, mwenzake halisi ni Lugano. Atuganile ni kitendo chenye mtenda na mtendewa: yeye ametupenda sisi. Familia inayompa mtoto jina la "-tu-" mara nyingi inasema jambo kuhusu nyumba nzima, pengine mtoto aliyekuja baada ya kungojewa sana, na Anganile, amenipenda, lingekuwa usemi wa mzazi mmoja. Hayo yote karani hana mahali pa kuyajaza. Vilevile majina haya hayataji jinsia. A- ya Kinyakyusa, kama ya Kiswahili, ni ya mwanamume na ya mwanamke. Asiyemwona mtoto anakisia, na kisanduku cha M au F kinajazwa kwa bahati. Kikague hicho pia, kwenye karatasi zote.

Sasa sheria inayaonaje? B na p, kosa la uandishi. Ukoo uliokosekana, jina pungufu. Atuganile na Upendo, majina mawili tofauti. Mbele ya dawati la uhakiki, "maana yake ni moja" haisaidii kitu.

Kabla ya kutumia hata shilingi, binti achukue daftari aandike kila karatasi, namba yake, mwaka wake, na jina lilivyo juu yake herufi kwa herufi, bila kusahihisha. Akisahihisha wakati wa kunakili, na wengi hufanya hivyo bila kujijua, kosa linafichika na kujitokeza tena mbele ya afisa. Tarehe ya kuzaliwa iingie kwenye daftari hilohilo. Namba ya utambulisho ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tarehe ikipishana na cheti, hilo ni kubwa kuliko herufi yoyote na linatangulia kushughulikiwa.

Kisha aamue karatasi ipi haisogei. Wengi hujibu haraka: cheti cha kuzaliwa. Ndicho mzizi, kweli. Lakini katika kisa hiki kigumu zaidi ni cheti cha mtihani. Matokeo yakishatoka, jina lililofanya mtihani ndilo linalobaki, na maombi ya mkopo yanakwenda kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, ambayo inavuta jina kama lilivyo kwa Baraza la Mitihani. Upande wa pili, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mifumo miwili inakutana hapo, mmoja unasema Upendo na mwingine Atuganile, na hakuna mwenye macho ya kumtazama binti usoni.

Cheti chake cha kuzaliwa ni halali, hilo tuliondoe mapema. Kampeni ya kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ilipoanza mkoa wa Mbeya mwaka 2013, vyeti vilitolewa bure kwenye kata na vituo vya afya, vikiandikwa kwa mkono papo hapo. Waliosajiliwa wakikaribia miaka mitano wakati ule ndio hawa wanaomaliza sekondari sasa, kwa hiyo maswali ya "mbona hiki si cha kompyuta?" yataongezeka. Kama mwandiko hausomeki vizuri, aende kwa msajili wa wilaya, ambaye hukaa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, aombe kumbukumbu iangaliwe.

Asifanye lile ambalo majirani watamshauri chinichini: kwenda wilaya nyingine kuandikishwa upya kwa jina la Upendo. Kuzaliwa mara mbili kwenye daftari la serikali ni kutoa taarifa za uongo. Tena ni ujinga wa kivitendo, kwa sababu siku ya uhakiki vyeti viwili vya mtu mmoja vinaharibiana, na kilichokuwa kizuri kinaingia mashakani pamoja na kibaya.

Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kiapo cha majina, mbele ya wakili au hakimu. Ni karatasi nyepesi, ya siku moja. Inasema kwamba Ambokile na Ampokile ni baba mmoja, na kwamba mwenye ukoo na asiye na ukoo ni mtu yuleyule. Kwa matatizo mawili ya kwanza inatosha kabisa. Kinachoiharibu ni ufupi. Kiapo kinachosema "ninajulikana pia kwa majina mengine" hakina thamani. Kitaje kila umbo la jina, liko kwenye karatasi gani, namba gani. Ampokile iandikwe kwa p yake, kimakusudi. Hapo ndipo mchapaji wa steshenari anapotuangusha: akiona Ambokile juu na Ampokile chini anadhani amekosea kuchapa, anazifanya zote b kwa nia njema, na kiapo kinaapa kwamba jina moja ni sawa na lenyewe. Isomwe kwa sauti kabla ya muhuri kugongwa.

Ya pili ni hati ya kubadili jina. Hii ni tamko kwamba mtu anaacha jina fulani na kuchukua jingine kuanzia siku hiyo, anasaini kwa jina la zamani na kwa jipya, wakili anashuhudia, kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117, na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Hati iliyoishia kwa wakili bila kusajiliwa ni nusu ya safari, na ofisi nyingi huirudisha. Inahitaji muda. Anayeianza wiki ya mwisho ya maombi ya mkopo amechelewa.

Maoni yetu kwa kisa hiki: binti aache Atuganile kwenye karatasi, achukue Upendo. Si uamuzi mtamu, kwa sababu Atuganile ndilo jina zuri kati ya hayo mawili na ndilo lililotangulia. Lakini vyeti vya mitihani atavibeba kila anapoomba kazi kwa miaka 40 ijayo, na kitambulisho kinaweza kufuata hati ilhali cheti cha mtihani hakifuati. Hati iandike jina jipya kamili: Upendo Ambokile na ukoo. Jina la baba libaki na b yake; hatuna sababu ya kumgeuza mzee Ampokile kwa ajili ya orodha iliyojazwa ovyo. Pengo la b na p, na la ukoo uliokosekana, litazibwa na kiapo.

Kwa hiyo anahitaji karatasi zote mbili, na hapa ndipo wenye hati mkononi hushangaa kurudishwa. Hati inaangalia mbele. Ikisainiwa mwezi huu, inasema ameanza kuitwa Upendo mwezi huu. Haielezi aliyefanya mtihani miaka miwili nyuma kwa jina hilo alikuwa nani. Hilo linaelezwa na kiapo: kwamba alitumia jina Upendo shuleni tangu darasa la kwanza, ingawa alisajiliwa Atuganile. Cheti cha kuzaliwa chenyewe hakiguswi. Kinabaki ushahidi wa jina alilozaliwa nalo, na hati inabanwa nyuma yake.

Baada ya hapo mpangilio ni NIDA kwanza, mengine baadaye. Laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole kupitia kumbukumbu za NIDA, benki nayo inaangalia hukohuko. Akienda benki kwanza ataambiwa arudi. Ajue pia kwamba kwa wiki kadhaa anayemtumia hela kwa simu ataona Atuganile kwenye muamala na kusita, kwa hiyo mjomba aliye Uyole aambiwe mapema.

Kanisani asiende kubadilisha chochote. Cheti cha ubatizo kibaki Atuganile, na nyumbani Tukuyu hakuna atakayemwita vingine.

Kuna mdogo wake wa darasa la pili, Lusekelo, ambaye shuleni wamekwisha kuanza kumwita Furaha. Kwake bado ni kazi ya asubuhi moja. Jina la mwanafunzi huingizwa kwenye PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, akiwa shule ya msingi na kumfuata mpaka kwenye mitihani ya taifa, kwa hiyo mama aende kwa mwalimu mkuu na cheti cha kuzaliwa na nakala yake, aombe kuona jina lilivyoingizwa, si kuambiwa tu, na asiondoke mpaka asome majina yote matatu. Akifika kwenye la baba amwambie anayeandika: b, mwalimu, b ya Bupe.